Kwa Nini Kocha Hatampa Mwanao Lifti: Hotuba kwa Wazazi na Walezi

Hotuba hii ilitolewa kwenye kikao cha wazazi na walezi kabla ya msimu mpya wa programu yetu ya vijana kuanza. Wengi waliokosa kufika wameomba kuisoma. Imewekwa yote kama ilivyosemwa, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Wazazi wenzangu, walezi, ndugu zangu. Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mmewaacha wadogo kwa majirani ili mfike hapa. Ahsanteni sana. Sitawachosha, lakini pia sitawakimbiza, maana jambo lenyewe ni zito na lina haki ya kuelezwa taratibu.

Mmeshapokea kijitabu cha sera ya ulinzi wa mtoto. Mmesoma kwamba kocha haruhusiwi kukaa na mtoto peke yake mahali palipofungwa. Haruhusiwi kumwandikia ujumbe wa faragha. Haruhusiwi kumpa zawadi ya siri. Haruhusiwi kumpakia kwenye gari lake. Na baadhi yenu mmeniuliza, wengine kwa upole, wengine kwa hasira: hivi nyinyi hamwaamini watu wenu? Na kama hamwaamini, sisi tuwape watoto wetu kwa nini?

Ni swali la haki. Nami najibu: tunawaamini. Fedha za chama chochote huhesabiwa na watu wawili, na mweka hazina mwaminifu ndiye wa kwanza kudai iwe hivyo, kwa sababu siku hesabu ikipungua hataki mtu amtazame kwa jicho la shaka. Hakuna anayelia kwamba ametukanwa. Basi kama fedha tunazilinda hivyo, mtoto je?

Ndugu zangu, tukisema "mlinde mtoto", nini kinawajia kichwani? Kwa wengi wetu ni mtu asiyejulikana, aliyesimama kona, mwenye gari la vioo vyeusi. Tumewafundisha watoto wasipokee kitu kwa mtu wasiyemjua. Ni vizuri, endeleeni kuwafundisha. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika jambo hili walisema kweli tupu. Wengi wa wanaowadhuru watoto kingono ni watu ambao mtoto anawajua na familia inawaheshimu: ndugu, jirani, mwalimu, kiongozi wa dini, kocha, kijana mkubwa wa kundi lilelile.

Nawapa mfano mmoja unaojulikana dunia nzima. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani na wa chuo kikuu kimoja kikubwa huko. Wasichana waliumia migongo na nyonga, wakapelekwa kwake. Alikuwa mcheshi, alikuwa mpole, na jina lake lilisifiwa kila mahali. Mwaka 2000 binti wa miaka 15, Rachael Denhollander, alipelekwa kwake kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Mama yake alikuwa ndani ya chumba kilekile. Nisikilizeni hapo: mama alikuwa ndani ya chumba. Daktari alijipanga kwa namna ambayo mama hakuweza kuona mikono yake inafanya nini, huku akizungumza naye vizuri kama kawaida. Hakuwa mtoto wa kwanza. Tangu 1997 kulikuwa na wasichana waliomwambia mtu mzima, na hawakusikilizwa. Rachael alijitokeza hadharani mwaka 2016. Januari 2018, wanawake na wasichana zaidi ya 150 walisimama mahakamani kutoa maelezo yao, au maelezo yao yakasomwa kwa niaba yao, na Nassar akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175.

Wazazi wale walikosea wapi? Nimejiuliza mara nyingi, na sioni pa kuwalaumu. Walimpeleka mtoto kwa daktari bora waliyemjua. Wengine walikaa pembeni ya kitanda. Walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Walikosewa na wenye vyeo waliopokea malalamiko na kuyaweka kando, kwa sababu mlalamikiwa alikuwa mtu mwenye jina. Na kuna wachezaji aliowatibu akiwa nao peke yao, mpaka kwenye vyumba walikolala kambini. Nani alimruhusu? Hakuna aliyeandika ruhusa. Ila hakuna aliyemkataza, kwa kuwa alikuwa yeye.

Ndiyo maana sera yetu haina neno "isipokuwa fulani". Inanibana mimi. Inambana mwenyekiti. Inambana kocha ambaye amefundisha hapa tangu baadhi yenu mkiwa watoto. Siku mtakaponiona nimefunga mlango nikiwa na mtoto mmoja ndani, nataka mgonge, mfungue, mniulize. Msione aibu. Nawaombeni kabisa, msinionee aibu.

Sasa tuingie kwenye kanuni zenyewe. Siwezi kupitia kila ukurasa, ila nataka muelewe zimetokea wapi, maana mtu akijua sababu ya kanuni haivunji kirahisi.

Mtu mwenye nia mbaya haanzi na ubaya. Anaanza na wema. Anamtafuta mtoto ambaye anahitaji mtu: mpweke, aliyefiwa, ambaye wazazi wake wanarudi usiku wamechoka, au yule mwenye kipaji anayetamani sana kuchaguliwa. Anamsifu. Anamnunulia viatu vya mazoezi. Anampa lifti. Kisha anampa siri ndogo, siri isiyo na madhara yoyote machoni: "Usiwaambie wenzako nimekununulia, watakuonea wivu." Mtoto akiitunza siri ile ndogo, mtu yule ameshajua kwamba ataitunza na kubwa. Baadaye unakuja mguso wa utani, picha ya utani, maneno ya kikubwa. Na mtoto anapoanza kuona kuna kitu hakiko sawa, tayari amepokea viatu, amepanda gari, ameficha siri, na anaamini kwamba kosa ni lake pia.

Na kuna jambo linalosahaulika. Mtu huyu huwarubuni wazazi kabla ya mtoto. Ndiye anayejitolea kila mara. Ndiye anayekwambia, "Mama fulani, wewe pumzika, mimi nitamfikisha." Ndiye unayemshukuru mbele za watu. Ili siku mtoto akisema neno, umwambie mtoto: huyu? Huyu aliyetusaidia hivi?

Kila kanuni mnayoiona kwenye kijitabu inakata njia hiyo mahali fulani. Zawadi zikipigwa marufuku, deni halipo. Ujumbe ukiandikwa kwenye kundi ambalo mzazi yumo, siri haina pa kukaa. Watu wazima wawili wakiwepo, faragha haipo. Mlango ukiwa wazi, kila apitaye ni shahidi. Mama mmoja aliniomba kocha amwandikie mwanawe amtie moyo, kijana alikuwa amekata tamaa baada ya kuachwa kwenye timu. Ombi zuri kabisa. Kocha aliandika, tena maneno mazuri, na mama alikuwemo kwenye mazungumzo hayo akiyasoma. Je, maneno yalipungua nguvu? Kijana alirudi mazoezini wiki ileile.

Lakini kanuni ya lifti ndiyo inayowaudhi wengi, kwa hiyo nakaa hapo kidogo.

Jioni moja mvua ilishuka mazoezi yakiisha. Watoto wote walichukuliwa, akabaki binti mmoja wa miaka 12. Simu ya baba yake haikupatikana. Kocha anaishi njia ileile. Angemfikisha kwao kwa dakika chache tu. Hakumpakia. Alimpigia simu msaidizi ambaye alikuwa ameshaondoka, akamwomba arudi. Wakakaa watatu barazani chini ya taa, mlango wa ofisi wazi, binti amejifunika koti la mvua la msaidizi likimfika miguuni, daftari la hesabu juu ya magoti, anamalizia kazi za shule. Kwenye kitabu cha zamu kocha akaandika saa, jina la msaidizi na namba zote alizopiga. Baba alifika amelowa na amekasirika. Alikasirika kwamba mtoto amekaa kwenye baridi wakati gari la kocha limeegeshwa pale pale. Aliniambia maneno makali. Sikumlaumu. Mzazi aliyehangaika na mvua akiwaza mtoto wake yuko wapi ana haki ya kukasirika.

Sasa niwaulize: kocha yule ni mtu mbaya? Hapana. Ni katika watu ambao ningewakabidhi wanangu usiku wa manane. Na hiyo ndiyo sababu nataka akatae. Kocha mwema akiwapa watoto lifti, lifti inakuwa jambo la kawaida. Ikishakuwa ya kawaida, siku akija asiye mwema, nani atashangaa kumwona mtoto ndani ya gari lake? Kocha mwema akiilegeza kanuni, anamtengenezea njia mtu ambaye hata hajamjua.

Na ni nani hasa wanaotuomba tuilegeze? Siyo watoto. Siyo makocha. Ni sisi wazazi. "Leo tu, nimebanwa." "Mpitishie tu nyumbani, wewe si mtu wa mbali." Nawaelewa, maisha yana haraka zake. Lakini kila ukimwomba kocha avunje kanuni kwa ajili ya mwanao, unamfundisha kwamba kanuni huvunjika. Badala yake, andika kwenye fomu majina ya watu wazima wawili au watatu wanaoweza kumchukua mtoto ukichelewa. Hao tutawapigia. Mtoto akiumia au akiugua ghafla, hiyo ni dharura: atapelekwa hospitali hapohapo, watu wazima wawili wataongozana naye, na utapigiwa simu gari likiwa njiani. Hatutamwacha mtoto anaumwa tukitafuta saini.

Kuna wanaoniambia: haya yote ya nini, si mnawachunguza watu kabla ya kuwaajiri? Ndiyo, tunawachunguza. Kila kocha, kila mfanyakazi wa kujitolea, hata anayefungua geti, analeta hati ya polisi ya mwenendo mwema, na tunawapigia simu wadhamini wake sisi wenyewe, kwa sauti, hatutosheki na barua. Lakini naomba mjue mipaka ya hati hiyo.

Mwaka 2002 kwenye mji mdogo wa Soham, Uingereza, watoto wawili wa kike wa miaka 10 waliuawa na Ian Huntley. Huntley alikuwa mlinzi na mwangalizi wa majengo katika shule ya sekondari ya pale pale mjini. Katika eneo alikoishi kabla, polisi walikuwa wameshapokea tuhuma kadhaa dhidi yake za kuwadhuru wasichana na wanawake. Hakuwa amehukumiwa kwa lolote kati ya hayo, na taarifa hizo hazikufika kwa waliomwajiri. Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na Michael Bichard ulitoa ripoti mwaka 2004, na sheria ya ukaguzi wa watu wanaofanya kazi na watoto ikabadilishwa baada yake.

Hati safi, ndugu zangu, maana yake ni kwamba hakuna hukumu iliyoandikwa. Haisemi zaidi ya hapo. Mtu anayetenda kwa mara ya kwanza ana hati safi. Mtu ambaye waathiriwa wake walinyamazishwa ana hati safi. Nassar angeleta hati safi. Kwa hiyo tunaichukua hati, tunaiweka kwenye faili, halafu tunaendelea kuacha milango wazi.

Mambo mawili nitayataja kwa ufupi, ingawa kila moja lingestahili jioni yake. La kwanza, siyo kila madhara yanatoka kwa watu wazima. Vijana wakubwa huwadhuru wadogo: kwa vipigo, kwa kuwadhalilisha vyumba vya kubadilishia nguo, kwa kuwapiga picha na kuzisambaza. Ndiyo maana simu haziingii vyumba hivyo, na makundi ya umri hayachanganywi humo. La pili linawahusu wazazi wenye watoto wenye ulemavu. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2012, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ulikadiria kwamba watoto hao wana uwezekano mara 3.7 zaidi wa kufanyiwa ukatili kuliko wenzao. Mtoto anayehitaji msaada chooni, anayehitaji kubebwa, asiyeweza kusema, hawezi kulindwa kwa sentensi ya jumla kwenye kijitabu. Kwa hiyo kabla ya msimu kuanza tutakaa na kila mzazi wa mtoto wa namna hiyo, tuandike pamoja nani atamsaidia, wapi, kwa namna gani, na mtoto mwenyewe ataonyeshaje kwamba hataki.

Sasa nafika kwenye sehemu iliyonileta hapa hasa. Mtoto akisema.

Australia waliunda tume ya kifalme iliyofanya kazi kutoka 2013 hadi 2017, kuchunguza jinsi taasisi zilivyoshughulikia udhalilishaji wa kingono wa watoto: shule, makanisa, vituo vya yatima, vilabu vya michezo. Watu zaidi ya 8,000 walikaa faragha na makamishna wakaeleza yaliyowapata utotoni. Tume ikakokotoa muda uliopita kati ya tendo na siku ambayo mtu alimwambia mwenzake kwa mara ya kwanza. Wastani ulikuwa karibu miaka 24. Wanaume walikaa kimya muda mrefu kuliko wanawake. Miaka 24! Mtoto wa miaka 10 anakuja kusema akiwa na miaka 34, pengine ana watoto wake mwenyewe.

Kwa nini mtoto anakaa kimya hivyo? Kwa sababu anaogopa hataaminiwa. Kwa sababu ametishwa. Kwa sababu anampenda aliyemdhuru. Kwa sababu anaona nyumba itavunjika na yeye ndiye aliyeivunja. Na kwa sababu, wazazi wenzangu, wengine walisema, tukawaambia nyamaza.

Mtoto haji kukaa mbele yako akasema, "Baba, nimefanyiwa ukatili." Mtoto anasema, "Sitaki kwenda mazoezini tena." Anasema, "Kocha fulani simpendi." Halafu anakutazama. Anapima. Ametoa kipande kidogo aone utakifanyia nini. Ukimjibu, "Acha uvivu, tumeshalipa ada," mazungumzo yamekwisha, na huenda yasirudi tena. Ukimwuliza kwa utulivu, "Ehe, kuna nini?" na ukaacha kimya kifanye kazi, kipande cha pili kinaweza kuja. Wengine hawasemi kabisa: wanaanza kukojoa kitandani, wanaacha kula, wanakuwa wakali, wanaficha simu. Dalili hizi si ushahidi. Mtoto hubadilika kwa sababu nyingi. Ni mwito wa kukaa naye karibu.

Akisema, fanyeni hivi. Keti. Shusha sauti. Msikilize mpaka mwisho kwa maneno yake, hata kama anataja viungo vya mwili kwa majina ambayo hukupenda ayajue. Mwambie: umefanya vizuri kuniambia, nakuamini, siyo kosa lako, nitatafuta msaada. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana utalazimika kuivunja ahadi hiyo, naye ameshavunjiwa za kutosha. Usimhoji kama askari. Na kuna swali moja ambalo nawasihi lisitoke vinywani mwenu kamwe: "Kwa nini hukupiga kelele?" Mwili wa mtu aliyetishika sana huweza kuganda; sauti haitoki, miguu haiendi. Mtoto huyo ameshajiuliza swali hilo peke yake usiku kucha. Usimwongezee.

Kama tendo ni la karibuni, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Msimwogeshe kwanza, msifue nguo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kwa msichana aliyevunja ungo, kinga ya mimba nayo ina muda wake wa siku chache tu. Msisubiri mpaka baba mkubwa arudi safari ndipo mkae kikao. Saa 72 hazisubiri kikao. Kisha andikeni mtoto alichosema, kwa maneno yake, na saa aliyoyasema, na mtoe taarifa polisi au ustawi wa jamii. Kama linahusu programu hii, mwambieni na afisa wetu wa ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo. Msiende kumkabili mtuhumiwa. Najua damu itachemka. Lakini ukimkabili, umempa muda wa kufuta ujumbe na kumtisha mtoto.

Na msimalizane nyumbani. Nalisema polepole: msimalizane nyumbani. Familia mbili zinakaa, wazee wanasuluhisha, fidia inatolewa, watu wanashikana mikono, na mtoto anawatazama kutoka dirishani. Nani alimwuliza yeye? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989, katika ibara ya 19 unazitaka nchi zimlinde mtoto na kila aina ya ukatili, na katika ibara ya 12 unampa haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mkono ulioshikwa na wazee haumzuii mtu yule kwenda kwa mtoto wa jirani. Unamfunza tu kwamba ubaya una bei, na bei anaimudu.

Mtaniuliza, na aliyetuhumiwa je? Ana haki? Anazo. Akituhumiwa, anaondolewa kwenye kazi za watoto siku hiyohiyo mpaka uchunguzi uishe. Hiyo siyo hukumu. Haimaanishi tumeamua ametenda. Kazi ya kuchunguza siyo yangu wala siyo ya kamati. Ni ya vyombo vyenye mamlaka na ujuzi, na sisi tukianza kuwahoji watoto mmoja mmoja tunaweza kuharibu ushahidi wote. Wakithibitisha kwamba hakutenda, anarudi, na tutasimama mbele yenu kama hivi tuseme hivyo waziwazi. Kwa sababu hiyo nawaombeni kuhusu makundi yetu ya WhatsApp. Jina la mtuhumiwa lisirushwe humo. Na zaidi ya hapo, asitajwe mtoto: si jina, si darasa, si "yule binti wa namba saba". Mtoto aliyepata ujasiri wa kusema asubuhi, jioni akakuta simu za mtaa mzima zinamjadili, ameumizwa mara ya pili, na safari hii ni sisi tuliomuumiza.

Na kama lalamiko linanihusu mimi? Ukurasa wa mwisho wa kijitabu una njia tatu: afisa wa ulinzi wa mtoto, mjumbe wa bodi asiyekuwa mtendaji, na polisi moja kwa moja. Hakuna kati ya njia hizo inayopita mezani kwangu. Huhitaji ruhusa ya mtu yeyote kwenye programu hii ili uende polisi. Mtu akikuambia uanze na sisi kwanza, hata akiwa ni mimi, usimsikilize.

Nimalizie na ya utekelezaji. Mazoezi yote yako wazi kwa wazazi, na hamhitaji kutoa taarifa kwamba mnakuja. Njooni katikati ya juma, njooni bila kutarajiwa, kaeni benchi la pembeni. Makocha wameshaambiwa na wamekubali; wawili kati yao ndio walioomba iandikwe hivyo.

Fomu za ridhaa ziko mezani karibu na mlango. Naomba msizisaini usiku huu. Nendeni nazo nyumbani pamoja na kile kipeperushi cha kanuni za kocha, kilichoandikwa kwa lugha ambayo mtoto wa miaka 9 anaielewa. Msomeeni mtoto, au bora yeye awasomee nyinyi, kanuni moja moja, na mumwulize: hii umewahi kuona ikivunjwa? Akisema ndiyo, niambieni kesho asubuhi, msisubiri siku ya fomu. Akisema hapana, saini, naye asaini chini yenu, kuna nafasi ya jina lake.

Afisa wetu yuko pale nyuma, amevaa fulana ya kijani, na hataondoka mpaka mtu wa mwisho aondoke. Mwenye jambo la faragha amfuate yeye. Mwenye swali la wote, tunaanza sasa. Namwona mama mmoja kule upande wa dirisha amenyoosha mkono tangu nilipotaja lifti. Karibu, mama.